Subira, Kisha Uzazi

Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Hiyo ni fahari ya Taifa. Lakini fahari hiyo haitatimia iwapo dada zetu wa Tanga, Pangani na Muheza waliopewa figo hawataelezwa habari za uzazi.

Wako wasemao kwamba mwanamke wa namna hiyo hazai tena. Si kweli. Edith Helm wa Marekani, aliyepewa figo na pacha wake mwaka 1956, alijifungua salama mwaka 1958, na wengi wamemfuata.

Hata hivyo, ndugu wananchi, jambo hili lina masharti. Mama angoje walau mwaka mmoja, figo itulie. Amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani dawa moja, mikofenoleti, yaweza kumdhuru mtoto tumboni, nayo hubadilishwa mapema. Lakini asiache dawa zake kwa shauri la jirani, mwili usije ukaikataa figo. Akiwa mja mzito apimwe shinikizo la damu mara kwa mara, na azalie hospitali.

Basi mume asimharakishe, wala mama mkwe asimsute. Mwajiri ampe ruhusa ya kwenda kliniki. Wanachama wenzake wamchangie nauli. Nasi twasema wazi: dawa hizi zisikosekane kamwe. Kumpa mtu figo, kisha kumwacha peke yake, si ujamaa. Subira yavuta heri, lakini subira nayo yahitaji msaada.