Kikoa ni cha Wote: Wito kwa Wanaotunza Tovuti za Shule na Vikundi

Ndugu zangu wazazi, walimu na viongozi wa vikundi,

Jirani yangu mmoja alikuwa akimwandaa binti yake kuingia kidato cha kwanza. Alinijia na karatasi ya shule mkononi. Chini ya mhuri paliandikwa anwani ya kupakua fomu ya kujiunga: neno "udahili", nukta, kisha jina la shule. Tukaifungua kwenye simu yake. Ikatokea picha ya mpira na tangazo la kubashiri. Akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Neema, hii shule kweli ipo?"

Shule ipo, na walimu wake ni watu wema. Miaka miwili nyuma ilikodi mfumo wa udahili, na fundi akaifanya anwani ile kuwa lakabu: anayeiita, apelekwe kwenye jina lililotolewa na kampuni yenye mfumo. Mkataba ukaisha, mfumo ukafungwa, lakabu ikasahauliwa. Mtu mwingine akalichukua lile jina lililoachwa huko kwenye kampuni, na tangu hapo wazazi wakawa wanafikishwa mlangoni kwake kwa heshima ya jina la shule.

Wazee wetu walikula kikoa: leo kwangu, kesho kwako, kila mmoja na zamu yake ya kupika. Neno hilo ndilo tulilolipa jina la tovuti, nami naona limekaa mahali pake. Kikoa si cha mtu mmoja, na aliyezembea zamu yake huwalaza wote njaa.

Basi nawaombeni tuanzie shinani. Kikoa kiandikishwe kwa jina la shule au kikundi, kamwe si kwa jina la fundi, na neno la siri wawe nalo watu wawili wa kuaminika. Mkishapata kimoja chenye .sc.tz au .or.tz, msinunue kingine kwa kila shughuli. Vikoa vidogo mnajitengenezea wenyewe: matokeo, maktaba, udahili, neno na nukta mbele ya jina kuu, na msajili hadai ada nyingine. Hata ile "www" tuliyoizoea ni kikoa kidogo.

Kikoa kidogo kikienda kwenye seva yenu, andikeni rekodi ya A yenye namba ya seva hiyo. Kikienda kwenye huduma ya kukodi, tumieni lakabu, yaani rekodi ya CNAME. Wenye huduma wakibadilisha namba, ninyi hamgusi kitu. Lakini jina lenye lakabu halikai na rekodi nyingine, kwa hiyo msiiweke kwenye jina kuu, ambalo ndilo limebeba rekodi za barua pepe. Na kila kikoa kidogo kipate cheti cha usalama. Let's Encrypt hutoa bure.

Kisha shikeni daftari. Andikeni kila jina, linaelekea wapi, nani aliliomba, mkataba wake unaisha lini. Siku ya kuachana na huduma, futeni lakabu kwanza, ndipo mfunge huduma. Mkigeuza mpangilio huo, mmeacha mlango wazi wenye kibao chenu.

Nanyi vijana mliosomea kompyuta, itoleeni shule iliyowafundisha alasiri moja tu. Kaeni na mkuu wa shule, mpitie naye rekodi moja baada ya nyingine, mumwachie daftari lililojazwa.

Mimi nilikaa na mkuu wa shule ile. Kuufuta mstari mmoja hakukutuchukua dakika tano, ingawa baadhi ya simu ziliendelea kuikumbuka njia ya zamani hadi kesho yake, kwa sababu rekodi iliwekewa muda wa sekunde 86,400, siku nzima. Jirani yangu alipata fomu yake. Mstari kama ule huenda upo hata kwenye kikoa chenu. Nendeni mkautazame leo, kabla mzazi mwingine hajauliza kama shule yenu kweli ipo.