KUMNGOJA MUNGU SI KUKAA BURE



Kila muhula mambo ni yale yale. Wiki ya mtihani ikikaribia, chumba cha sala hujaa hata wengine husimama nje. Wako wafungao siku tatu mfululizo, na siku ya hesabu mtu husinzia juu ya karatasi yake. Matokeo yakibandikwa, chumba ni kitupu. Siwacheki, maana nami nilikuwa mmoja wao.

Mwaka juzi baba na wenzake walichimba duara miezi minane wasione dhahabu. Nyumbani tulikula unga wa kukopa. Nikafunga siku tatu ili mawe mazuri yapatikane, wala hayakupatikana. Basi nikaacha kusali, nikamwambia mama kuwa Mungu hakunisikia. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimkopesha nini, mwanangu, hata unamdai?"

Jirani zetu wa Ushirombo walifundishwa kungoja tangu zamani. Mapadre Weupe walifungua misheni pale mwaka 1891. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao huko Algiers mwaka 1868, alikuwa ameweka sharti kwamba mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne, isipokuwa aliye hatarini kufa. Fikirini, ndugu wasomaji! Miaka minne, sawasawa na kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne. Hakuna aliyeweza kufunga siku tatu akaipunguza. Mtu alijifunza sala, akarudi kulima, akaja tena.

Na wenzetu Waislamu je? Ramadhani hufunga mwezi mzima, mtihani uwepo usiwepo.

Siku moja nilimwuliza baba kwa nini wanapoteza fedha kununua magogo ya kuzuia kuta za duara, na dhahabu yenyewe haijaonekana. Akacheka sana. Akasema magogo hayaleti dhahabu, ila bila magogo atakayefika kwenye dhahabu hatakuwa yeye. Tangu siku ile nimeanza upya. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nasoma sura moja ya Biblia, nakaa kimya kidogo. Ijumaa makande yangu ya mchana nampa mwenzangu. Siku nyingine sisikii lolote ila majogoo ya Masumbwe, na usingizi hunishinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri hapa.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa UKWATA waihamishe saumu yetu, iwe katika wiki za mwanzo wa muhula, na wiki ya mtihani watu wale na walale. Wazazi nao wasitutumie salamu za kutuhimiza kufunga siku hizo.

Duara la baba halijatoa kitu mpaka leo. Jumamosi iliyopita walishusha magogo mengine sita.