Koo la Mtoto na Ukuta wa Moyo

Ukuta wa moyo, ukitazamwa kwa hadubini, una tabaka tatu zilizoshikamana: utando wa nje, nyama nene ya katikati, ambayo ndiyo isukumayo damu, na utando wa ndani, ambao uso wake ni safu moja tu ya seli bapa, safu ile ile izifunikayo vali. Nyama hiyo haifanani na ya mkono wala ya paja, kwani seli zake, ambazo urefu wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, hutoa matawi, zikaungana ncha kwa ncha kwa maungio yapitishayo umeme kutoka seli hadi seli, hata zote zikajikaza pamoja mfano wa mabaharia waivutao amari kwa wimbo mmoja. Walakini seli hizi hazizaliwi upya ila kwa uchache mno. Wataalamu wa Uswidi walikadiria mwaka 2009 kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha kadiri ya asilimia 1 tu kwa mwaka. Zikifa, mahali pake hushikwa na kovu, na kovu halijikazi.

Ndiyo maana nasikitika nionapo mafindofindo ya watoto yakipuuzwa. Si kila koo liumalo lina hatari, maana mengi huletwa na virusi, yakapoa yenyewe. Lakini wapo bakteria wa jamii ya streptokoki ambao baadhi ya protini zao zimefanana na za moyo, hata kinga ya mwili, iliyokusudia kumpiga adui, ikamgeukia mwenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, nayo haibagui tabaka: Ludwig Aschoff wa Ujerumani alieleza mwaka 1904 vinundu alivyoviona ndani ya nyama ya moyo, na katika vali ule utando mwororo huvimba, kisha, homa ikirudi mara kwa mara, hukakamaa na kingo zake zikagandamana.

Penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo kuanza kuuma, aghalabu homa hiyo huzuilika. Vali ikiisha kuharibika, huenda mtoto akapasuliwa kifua. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba penisilini ihesabiwe miongoni mwa dawa zisizoruhusiwa kuisha katika zahanati yoyote, na walimu wa shule za msingi wafundishwe kumpeleka kwa mganga mtoto mwenye homa na koo jekundu, wala wasingoje hadi magoti yavimbe.