Tairi la pikapu lichaguliwe kwa mzigo na njia, si kwa bei peke yake

Barabara kuu itokayo Isaka kwenda Lusahunga, ambayo huchukua malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, hupita Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Lakini kazi za wilaya hiyo hazifanyiki juu ya lami peke yake. Shule nyingi, zahanati, mashamba ya pamba na tumbaku na machimbo ya dhahabu hufikiwa kwa njia za changarawe na udongo. Huko chombo kinachotegemewa ni pikapu, na si ajabu kuikuta iliyokwisha kula miaka 20 na zaidi. Kwa hiyo swali la tairi gani lifungwe kwenye pikapu kuukuu si la fundi na dereva tu. Linamhusu pia mkuu wa shule anayetia sahihi hati ya ununuzi, na mtumishi aliyenunua gari lake kwa mkopo.

Ugumu wa swali hilo unatokana na majira. Mvua za Bukombe huanza karibu na Novemba, wakati kidato cha nne wanapofanya mtihani wa taifa, na huendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo udongo mweusi wa mbuga hunata kama gundi, na gari huzama mabondeni. Kisha huja kiangazi, wakati wa kusafirisha mavuno. Mzigo huwa mzito, jua huwa kali, na lami huwa ya moto. Wenyeji wa nchi za baridi huweza kuwa na seti mbili za tairi, moja ya theluji na nyingine ya kiangazi. Mwalimu wa Bukombe ana seti moja tu, nayo haina budi kumfaa mwaka mzima.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni tairi lenye meno makubwa kabisa, ambayo mafundi huyaita kashata. Tairi hilo ni zuri kwenye matope mazito, lakini sehemu yake inayogusa lami ni ndogo. Kwa sababu hiyo hunguruma, huisha upesi, na huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama katika lami iliyolowa. Wengine huchukua tairi laini la gari dogo kwa kuwa ni rahisi. Hilo nalo hujaa udongo katika safari ya kwanza ya Desemba, likawa kama kipara. Linalofaa ni la kati: lenye kashata za wastani, zenye nafasi ya kutema udongo ubavuni, na ukanda mzima katikati kwa ajili ya lami.

Hata hivyo, kashata ni jambo la pili. La kwanza ni uzito, na hapo ndipo makosa ya hatari hufanyika. Kila tairi limeandikwa ubavuni namba ya uwezo wake. Namba 91, ambayo huonekana kwenye tairi za magari madogo, maana yake ni kilo 615. Tairi la pikapu la ukubwa wa 195R14C lenye namba 106 huchukua kilo 950. Tuseme pikapu imepakiwa mahindi na abiria hata ekseli ya nyuma ikabeba kilo 1,600. Tairi mbili za namba 91 zina uwezo wa kilo 1,230 tu, yaani zimezidiwa kwa kilo 370. Mbili za namba 106 zina uwezo wa kilo 1,900. Tairi lililozidiwa, hasa likiwa na upepo pungufu, hujikunja kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto hubandua tabaka zake hadi lipasuke. Likipasuka, fidia ya waliokaa nyuma haimo katika bei iliyookolewa dukani.

Jambo jingine ni tairi za mtumba. Si kila tairi la mtumba ni baya, lakini mnunuzi hana budi kusoma kabla ya kulipa. Baada ya herufi DOT hufuata maandishi yanayoishia kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri tairi liondolewe likitimiza miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata zake bado ni ndefu, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Aidha, tairi lililovuliwa katika nchi ya baridi laweza kuwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji, au neno STUDLESS kama lilitoka Japani. Mara nyingi mpira wake ni laini, uliokusudiwa baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Likipelekwa kwenye lami ya Ushirombo mwezi wa Agosti litalika upesi mno.

Kuhusu rimu, fahari iwekwe kando. Rimu ya chuma ikigonga shimo hupinda, na upo uwezekano wa kuinyoosha. Ile ya aloi yenye kung'aa huweza kupasuka. Rimu pana inayotokeza nje ya bodi huongeza mzigo juu ya beringi na usukani, ambavyo katika gari kuukuu vimekwisha choka. Nati nazo zilingane na rimu, kwa kuwa nati ya aloi haikai sawasawa kila mara kwenye chuma. Na ukubwa uwe ule uliowekwa na mtengenezaji wa gari, ambao mara nyingi umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Itasemwa kwamba haya ni maneno ya wenye nacho. Ni kweli kwamba tairi jipya ni ghali. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, na tairi linaloagizwa nje hubeba gharama za meli, ushuru na safari ndefu kutoka bandarini. Lakini umaskini ndio sababu kubwa zaidi ya kutonunua mara mbili. Asiyeweza kununua manne anunue mawili mapya yaliyo sawa, ayafunge nyuma, maana nyuma ikiteleza katika mvua gari huzunguka na dereva hana la kufanya. Na kupima upepo kila wiki, tairi likiwa bado baridi, ni kazi ya dakika chache.

Kwa upande wa magari ya umma, dawa iko katika kalamu. Hati inayosema "tairi nne za pikapu" humwachia muuzaji kuchagua, naye atachagua lile lililomkalia stoo. Hati iandike mambo matano: ukubwa, namba ya uzito, aina ya kashata, mwaka wa kutengenezwa, na kwamba yote yawe ya aina moja. Mpokeaji naye ayasome ubavuni kabla ya kutia sahihi. Hakuna fedha ya ziada inayohitajika kwa hilo. Watoto wanaosubiri karatasi za mtihani, na mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku wa Machi, hawana nafasi ya kuchagua tairi watakalosafiria. Limekwisha chaguliwa na mtu aliyeketi ofisini, wala hana haki ya kulichagua bila kusoma.