Ruhusa Itolewe Mapema



Mzee mmoja wa Kibwezi aliniuliza, “Karani, je, mama zetu hawakuzaa nyumbani?” Nikamjibu, “Walizaa, baba. Lakini waliokufa hawapo kutusimulia.”

Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Hospitalini hupigwa sindano ya oksitosini, ambayo hukaza mji wa uzazi ili damu ikome, na ikilazimu huongezwa damu. Dawa hiyo huharibiwa na joto, hivyo huwekwa katika friji. Mkunga wa kijijini, hata awe hodari namna gani, hana vitu hivyo.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Damu ya mama ilikingwa katika karatasi ya plastiki yenye alama za kipimo, na ilipozidi, matibabu yote yalitolewa pamoja. Hatari ya kuvuja damu kupita kiasi, kupasuliwa au kufa ilipungua kwa asilimia 60. Dawa zilikuwa zile zile za zamani. Kilichoondolewa ni kuchelewa.

Lakini wepesi wa waganga wafaa nini, ikiwa mama yungali nyumbani akingojea idhini ya mume aliye kazini Nairobi au Mombasa? Wahenga walisema, “Kawia ufike.” Katika jambo hili, akawiaye hafiki.

Tena twaijua mito yetu. Thua na Tiva huwa mchanga mtupu, kisha mvua ya Novemba ikinyesha, njia hukatika. Tarehe 4 Desemba 2021 mto Enziu, karibu na Mwingi, ulichukua basi la watu waendao harusini, wakafa zaidi ya 30.

Basi, bwana, kabla ya mwezi wa kuzaa, patana na mwenye gari, weka akiba ya nauli, na watafute ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Mvua ikikaribia, mpeleke mkeo kwa jamaa walio karibu na hospitali ya Wote, Kitui au Mwingi. Akitokwa na damu nyingi, akishikwa na kifafa, au kondo la nyuma likikawia kutoka kwa nusu saa, apelekwe mara moja. Hata akiisha kurudi nyumbani, homa au maumivu makali ya kichwa yasidharauliwe.

Na leo hii mwambie mama yako na jirani zako: saa ikifika, asingojwe mtu.