Seva Isiondoke na Mhitimu

Mwezi Mei uliopita tulimpigia makofi mwenzetu aliyehitimu. Septemba seva ya klabu ikafa, na hapo ndipo tulipotambua kwamba ameondoka nayo kichwani. Rekodi za hadithi za bibi na babu zetu zilisalimika kwa sababu nakala ilikuwepo kwenye diski ya nje. Lakini hakuna aliyejua seva iliwekwa programu zipi wala mipangilio gani. Tulimsumbua kwa simu wiki tatu, naye masikini hakukumbuka yote.

Maoni yetu ni haya: klabu isisakinishe tena seva kwa mkono. Tutengeneze faili letu wenyewe la usakinishaji kwa skripti, na maelezo ndani ya skripti yaandikwe kwa Kiswahili.

Kazi hii haihitaji bingwa. Debian hutolewa bure kama faili la ISO, na kisakinishi chake kinaweza kusoma majibu yote kutoka faili liitwalo preseed.cfg: saa za eneo, mgawanyo wa diski, orodha ya programu. Skripti fupi ya bash inahakiki ISO kwa sha256sum, inaifungua kwa xorriso, inatia faili la majibu, inarekebisha menyu ya kuwashia, kisha inafunga ISO mpya. Seva ikifa tena, tunachomeka flashi na kusubiri.

Hatari zipo. Majibu yakishaandikwa, kisakinishi kinaweza kufuta diski bila kuuliza mtu. Kwa hiyo lazima tujaribu kwanza ndani ya QEMU, kwenye kompyuta ya kuigiza. Nenosiri nalo lisiandikwe humo, maana yeyote mwenye ISO anaweza kulisoma.

Wapo watakaosema maelezo yawe ya Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya kompyuta. Amri zitabaki zilivyo. Bash haielewi “futa”. Lakini sababu ya kila amri ni yetu kueleza. Wengi wetu Kiswahili tulikipata jikoni kwa mama. Kuomba chumvi tunajua. Kueleza diski inavyogawanywa, tunababaika. Mstari kama “# hapa diski yote inafutwa, hakikisha kwanza” unamfundisha mgeni seva na lugha kwa wakati mmoja.

Tunaomba mambo mawili. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza waandike skripti hii pamoja na mmoja wa mwaka wa mwisho, kabla hajaondoka. Na mwalimu mmoja akubali kutusahihishia Kiswahili chake, kama anavyosahihisha insha zetu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti za wazee wetu ni mali. Daftari hatujaliandika.