Sura mpya ya Windows na "kioo" cha Apple: wa steshenari Songea wana neno

Ingia steshenari yoyote ya Songea mjini, iwe karibu na Soko Kuu, Bombambili au Lizaboni. Utakuta meza, printa, mashine ya fotokopi, na kompyuta moja au mbili za Dell au HP ambazo zilishatumika nje ya nchi kabla ya kufika huku. Anayekaa mbele ya kompyuta hiyo ndiye anayemjazia mwanafunzi fomu ya mkopo wa HESLB, anamwandikia kijana barua ya kuomba kazi, anamprintia mama nakala ya cheti cha kuzaliwa. Foleni ipo, na kila mtu ana haraka.

Juzi nilikaa kwenye foleni hiyo. Kompyuta ilikuwa imetoka kwa fundi, imewekewa Windows 11. Mteja mbele yangu akasema, "Dada, nitolee kopi mbili tu." Dada akapeleka mausi kwenye kona ya chini kushoto, akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. "Subiri kaka, wamekihamisha."

Alichokuwa anakitafuta ni kitufe cha Start. Kwenye Windows 11 kimewekwa katikati ya ule mstari wa chini, pamoja na alama za programu nyingine.

Mitandaoni watu wamebishana sana kuhusu sura ya mifumo hii mipya. Wengine wanasema imependeza, wengine wanauliza nani aliomba. Ukisoma haraka unaweza kuona ni mabishano ya watu wenye muda, kama ya jezi mpya ya Simba au Yanga. Mimi naona kuna jambo zito zaidi ndani yake, na linaonekana vizuri ukiwa Songea kuliko ukiwa Marekani.

Kwanza, nini kimetokea

Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yake bado inawaka na kufanya kazi, ila haipewi tena marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 yenyewe si mpya, ilitoka Oktoba 2021. Kwetu imekuwa mpya sasa hivi kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuihamia, na sasa watu wanasukumwa.

Apple nao, tarehe 15 Septemba 2025, walitoa iOS 26 kwa simu na macOS Tahoe kwa kompyuta, zote zikiwa na sura moja waliyoiita Liquid Glass. Menyu na vitufe vinaonekana kama vipande vya kioo, na kilichoko nyuma kinapenya. Kinapendeza kweli kwenye tangazo. Ila lilipotoka tu, lawama kubwa ilikuwa moja: maandishi hayasomeki vizuri pale rangi ya nyuma inapochanganyika nayo. Jaribu kusoma ujumbe wa namna hiyo juani saa saba mchana, ukiwa umesimama unasubiri bodaboda. Novemba mwaka huohuo, kwenye toleo la 26.1, Apple wakaongeza chaguo la kukifanya kioo kiwe kizito zaidi. Hawakusema wamekosea, lakini umeelewa.

Tunasoma kwa mahali

Watu wengi huku walijifunza kompyuta kwa kuoneshwa: "bonyeza hapa, halafu pale juu, halafu cha tatu kutoka chini." Maneno yaliyoandikwa kwenye menyu ni ya Kiingereza, na kusema ukweli wengi wetu hatuyasomi. Tunakumbuka mahali na umbo. Mkono ndio unaojua. Dada wa steshenari anaweza kuprinti huku anaongea na mteja, haangalii hata skrini.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimhamishia kitufe, hujabadilisha rangi ya ukuta. Umemhamishia mlango. Anayesoma maneno atakitafuta kwa jina na kukipata, lakini aliyezoea mahali inabidi aanze upya, na foleni inamwangalia.

Kuna mfano mmoja ambao naona unasema kila kitu. Kwenye Windows 10, ukibonyeza mausi upande wa kulia juu ya folda, unapata orodha ndefu yenye maneno: kata, nakili, bandika. Windows 11 ilipotoka, orodha ikafupishwa, na maneno hayo yakaondolewa, zikabaki alama ndogo tu juu ya menyu. Mkasi unaeleweka. Lakini karatasi mbili zilizolaliana na ubao wenye karatasi, ipi ni kunakili na ipi ni kubandika? Watu walilalamika dunia nzima. Ilipofika toleo la 24H2, mwaka 2024, Microsoft wakaandika tena maneno chini ya alama hizo. Miaka mitatu ilipita kwa jambo la maneno matatu.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe cha Start kabisa, kitufe ambacho watu walikuwa nacho tangu Windows 95. Mwaka uliofuata, kwenye 8.1, kikarudishwa.

Kile kioo nacho si kigeni. Windows Vista ya 2007 ilikuwa na madirisha ya kioo, wakayaita Aero. Kompyuta nyingi za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuyaendesha, watu wakabaki na XP yao kwa miaka. Baadaye kila mtu akasema kioo ni cha kizamani, tunataka vitu bapa, na Apple wakafanya hivyo kwenye iOS 7 mwaka 2013. Leo kioo kimerudi. Ni kama suruali pana: ukitunza ya baba yako, zamu yake inafika.

Gharama analipa nani?

Hapa ndipo mapenzi ya sura yanapogusa mfuko. Kioo, vivuli na madirisha yanayoteleza vinachorwa upya kila wakati, na vinataka nguvu ya mashine. Kwenye kompyuta mpya hutasikia chochote. Kwenye ile yenye RAM ya GB 4, ambayo ndiyo kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, kila kidogo kinahesabika, hasa ukifungua Chrome yenye kurasa tano za maombi.

Halafu kuna zile ambazo haziruhusiwi kabisa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha rasmi inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Laptopu ya Core i5 kizazi cha 6, ambayo inachapa na kuprinti bila shida yoyote, haimo. Mafundi wanajua njia za kuipitisha, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Upande wa simu ni hivyohivyo: iOS 26 inaanzia iPhone 11, kwa hiyo mwenye XR au XS hakipati kioo hata akikitaka.

Anayebaki na Windows 10 amepewa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026. Watumiaji wa nyumbani kwenye nchi za eneo la kiuchumi la Ulaya wamepewa bila malipo. Sisi wengine tunachagua: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ya tatu haina bei, inataka akaunti na bando tu. Kama una kompyuta ya namna hii nyumbani, usisubiri Oktoba.

Wapo wanaoipenda

Nisionekane napinga kila kipya. Mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne, ambaye maisha yake yote ameshika simu, aliiona Windows 11 na hakuuliza swali hata moja. Alama zimekaa katikati chini kama kwenye simu, pembe zimezungushwa, mipangilio iko kama ya simu. Kwake Windows 10 ndiyo ngumu. Kwa hiyo wabunifu wa Microsoft hawakuota tu usiku. Walimwangalia mtu huyu, na huenda yeye ndiye mteja wao wa kesho. Shida yangu ni kwamba dada wa steshenari ni mteja wa leo, na sidhani kama aliulizwa.

Habari njema ni kwamba mengi yanarudishika. Kwenye Windows 11, bonyeza kulia kwenye ule mstari wa chini, ingia "Taskbar settings", fungua "Taskbar behaviors", kisha pale "Taskbar alignment" chagua "Left". Kitufe kinarudi kushoto. Uwazi wa kioo unazimwa kwenye "Accessibility", sehemu ya "Visual effects". Kwa iPhone yenye iOS 26, nenda "Settings", "Accessibility", "Display & Text Size", kisha washa "Reduce Transparency".

Nilimwonesha dada ile ya kwanza. Ilichukua kama nusu dakika. Akapeleka mausi konani bila kuangalia, menyu ikafunguka, akacheka. Kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau flashi nyumbani.